Mtoto wa Fundi Fidla: Jibu Kuhusu W. D. Amaradeva na Familia Yake

Swali limetoka kwa dada mmoja anayefanya kazi hotelini Muscat: "Shikamoo mwalimu. Kazini kwetu kuna kaka wa Sri Lanka, kila zamu ya usiku anaweka nyimbo za mzee mmoja anaitwa Amaradeva. Anasema ndiye mwimbaji wao mkubwa wa klasiki. Mwenzake mwingine kaniambia huyo mzee jina lake hasa ni Albert Perera, mama yake alikuwa Mkristo, na kwamba alikana jina na dini ya kwao ili apate cheo. Ni kweli? Familia yake ilikuwa watu gani? Na yupo mtoto aliyemrithi?"

Marahaba, dada. Nianze na hilo la kukana, maana ndilo lenye sumu. Jina ni kweli alibadili. Dini ya kwao hakuikana, kwa sababu kwao kulikuwa na dini mbili chini ya paa moja. Wannakuwattawaduge Don Albert Perera alizaliwa tarehe 5 Desemba 1927 huko Koralawella, katika mji wa Moratuwa, kusini kidogo mwa Colombo. Baba yake, Don Ginoris Perera, alikuwa Mbuddha. Mama yake, Maggie Weslina Mendis, alikuwa Mkristo. Mtoto akapelekwa shule ya Kibuddha, Sri Sadharmodaya, palepale Koralawella. Yaani alikuwa Albert ndani ya shule ya Kibuddha na hakuna aliyeona kioja. Mwambao ule wa magharibi umejaa akina Perera, Mendis, Fernando na de Silva, majina yaliyobaki tangu enzi za Wareno, walioingia kisiwani 1505 na kutimuliwa na Waholanzi 1658. Ukiambiwa mtu anaitwa Perera, bado hujajua anasali wapi.

Moratuwa yenyewe inafaa kujulikana kwanza, kwa sababu bila mji huo huwezi kumwelewa mzee. Ni mji wa maseremala. Hadi leo Msri Lanka akitaka kabati, kitanda au seti ya viti, anatajiwa Moratuwa. Ni mji wa baila pia, ule muziki wa kuchezesha ambao huyo kaka yako bila shaka anaujua, maana harusi yao haikamiliki bila baila. Hapa sisi wa upande huu wa bahari tuna sehemu yetu: baila ilitokana na muziki wa Wareno na wa Waafrika waliopelekwa kisiwani na Wareno, wengi wakitokea upande wa Msumbiji. Wajukuu wa Waafrika hao wangalipo, hasa mkoa wa Puttalam, na nyimbo zao wanaziimba mpaka sasa. Nayataja haya kwa kuwa watu wakishamwita mtu "mwimbaji wa klasiki" humwazia mtoto aliyelelewa kwenye kasri. Huyu alilelewa penye randa, gundi na kelele za dansi.

Mzee Ginoris alikuwa seremala aliyegeukia fidla. Alizitengeneza, na zilizovunjika akaziunga. Fidla ilikuwa imeshazoeleka pwani ile kupitia kanisani, kwenye dansi na kwenye maigizo ya jukwaani. Sasa fikiria mtoto anayekulia kwa fundi wa namna hiyo. Kabla hajajua kupiga wimbo, anajua kwamba kile kibao kidogo kinachonyanyua nyuzi kikisogea upana wa ukucha tu, sauti yote inageuka. Anajua mti upi unaitika na upi umekufa. Hiyo ni elimu ya sikio ambayo chuo hakitoi. Fidla yake ya kwanza aliipata kwa baba, na kaka zake wakubwa wakamfundisha kupiga na kumsikilizisha muziki wa Ulaya. Upande wa mama zilikuwapo nyimbo za kanisani, ambazo zimepangwa kwa sauti kadhaa zinazokwenda pamoja. Upande wa baba kulikuwa na ghani za Kibuddha, sauti moja ndefu isiyo na haraka wala ngoma. Mimi nikizisikiliza nyimbo zake za utu uzima nazisikia zote mbili: ile subira ya hekaluni kwenye uimbaji, na ule mpango wa kanisani kwenye vyombo vinavyomzunguka. Kwa hiyo mtu akidai kwamba alimkana mama yake, mimi humjibu asikilize tena.

Sasa jina. Kijana Albert alitambuliwa mapema na mwanamuziki Mohammed Ghouse, aliyejulikana zaidi kama Ghouse Master, ambaye alimchukua katika filamu ya Asokamala iliyotoka mwaka 1947. Sinema ya Kisinhala, lugha ya walio wengi Sri Lanka, ilikuwa changa kabisa. Filamu ya kwanza yenye sauti kwa lugha hiyo ilikuwa imetoka Januari mwaka huohuo. Filamu hizo zilirekodiwa kwenye studio za India Kusini, na nyimbo zake nyingi zilikuwa mahadhi ya Kihindi yaliyovalishwa maneno ya Kisinhala. Albert alipiga fidla, akaimba, akiwa na miaka 19. Mwaka uliofuata, Februari 1948, nchi ikapata uhuru, na swali likawa moja kila kona ya sanaa: muziki wetu sisi ni upi?

Swali hilo halikuwa geni kwenu wala kwetu. Siti binti Saad na wenzake walipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Mombasa tumekuwa na Juma Bhalo, ambaye mahadhi yake ya Kihindi yalipendwa na kubishaniwa vilevile. Huku tukayapokea, tukayafanya ladha moja kati ya nyingi za taarab. Sri Lanka jambo lilikuwa na uzito mwingine, kwa sababu India ilikuwa jirani mno, na jirani mkubwa ukimwiga sana unamezwa.

Mmoja wa waliokuwa wanaliuliza swali hilo kwa sauti kubwa alikuwa Ediriweera Sarachchandra, msomi na mwandishi wa tamthilia. Huyu ndiye aliyempa Albert jina la Amaradeva. Na huyu Sarachchandra mwenyewe alizaliwa akiitwa Eustace Reginald de Silva! Hilo ndilo ambalo mwenzako wa kazini hakukuambia. Chitrasena, mchezaji ngoma mashuhuri kuliko wote kisiwani, alizaliwa Maurice Dias. Ananda Samarakoon, aliyetunga wimbo wa taifa wa Sri Lanka, alizaliwa George Wilfred. Sunil Santha, ambaye nitamrudia, alibatizwa Joseph John katika familia ya Kikatoliki. Karibu kizazi kizima cha wasanii kilivua majina ya Kizungu na kuvaa ya kwao. Kumnyooshea kidole Amaradeva peke yake ni kumwonea.

Sisemi kwamba wimbi lile lilikuwa safi tupu. Ari hiyohiyo ya kurudi kwenye Usinhala ndiyo iliyozaa sheria ya lugha ya 1956, iliyokifanya Kisinhala kuwa lugha pekee ya serikali na kuwaacha Watamil, raia wenzao wenye lugha yao wenyewe, nje ya mlango. Athari zake zinajulikana. Lakini kati ya msanii kubadili jina lake na mwanasiasa kuwafungia watu lugha yao pana umbali, na muziki wa Amaradeva wenyewe, kama utakavyoona, haukujengwa kwa kufukuza mtu.

Sarachchandra pamoja na D. B. Dhanapala, mhariri wa gazeti la Lankadeepa, ndio waliosukuma mpaka kijana akaenda kusoma India, katika chuo cha muziki cha Bhatkhande mjini Lucknow, miaka ya 1950. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1926 na Vishnu Narayan Bhatkhande, mtu aliyetumia maisha yake kukusanya na kuandika mahadhi ya raga, ile mipango ya noti ambayo muziki wa klasiki wa India hujengwa juu yake, ambayo kabla yake yalikuwa siri za familia za waimbaji. Huko Amaradeva alijifunza fidla upya, kwa mtindo wa Kihindi. Mpigaji anakaa chini, miguu ameikunja, kichwa cha fidla kinaegemea kifundo cha mguu. Kwa kuwa chombo kimetulia pale, mkono wa kushoto haubebi kitu, uko huru kuteleza juu ya uzi kutoka noti hadi noti bila kukata. Kidole kinafanya kazi ya koo. Ukijua hilo utaelewa kwa nini sauti ya Amaradeva akiimba haipandi kwa ngazi bali hupanda kama moshi. Aliimba kama fidla ya Lucknow inavyopigwa.

Hapa lazima nisimame kwa Sunil Santha, kwa sababu hadithi ya Amaradeva ikisimuliwa peke yake inakuwa tamu kupita kiasi. Mwaka 1952 Radio Ceylon, redio ya taifa (Ceylon ndilo jina la zamani la Sri Lanka), ilimwalika S. N. Ratanjankar, mkuu wa chuo hichohicho cha Lucknow, aje Colombo awapime waimbaji wa Kisinhala na kuwapanga madaraja. Sunil Santha alikataa kupimwa. Na wala hakuwa mjinga wa muziki wa Kihindi, kwani yeye mwenyewe alikuwa amesoma chuo cha Bhatkhande na kuhitimu kabla ya Amaradeva. Hoja yake ilikuwa kwamba wimbo wa Kisinhala haupimwi kwa ratili ya Kihindi. Kwa msimamo huo alipoteza nafasi yake redioni, na redio ndiyo ilikuwa riziki. Wakati huo Radio Ceylon hiyohiyo ilikuwa inairushia India nyimbo za filamu za Kihindi usiku na mchana, kwa kuwa redio ya serikali ya India ilikuwa imezibana. Kejeli ilioje! Kituo kinachowapigia Wahindi nyimbo zao za mtaani kinamwita Mhindi aje kuwafundisha wenyeji adabu ya muziki.

Kwa maoni yangu Sunil Santha alikuwa na haki katika hoja, na Amaradeva alikuwa na jibu katika kazi. Mmoja alisema tusiingie nyumba ile. Mwingine aliingia, akachukua zana, akarudi nazo kwao kufanyia kazi mbao za kwao.

Mbao hizo zilikuwa nyimbo za kijijini. Wasinhala wana nyimbo za kupalilia mpunga, za mwendesha mkokoteni wa ng'ombe usiku, za watu wa mashua mtoni, za mlinzi wa shamba aliyekaa kwenye kibanda juu ya mti akifukuza tembo na nguruwe. Nyingi zina noti tatu, nne, tano basi, na haziendi kwa mdundo. Zinakwenda kwa pumzi ya mwimbaji. Maneno yake yako kwenye beti za mishororo minne yenye vina vinavyolingana mwishoni, na bahari yao moja maarufu, samudraghosha, ina mizani 18 kila mshororo. Mtu aliyelelewa na mashairi yetu ya mizani 16, vina vya kati na vya mwisho, hawezi kujihisi mgeni hapo. Sasa wimbo wa namna hiyo ukiuwekea raga nzima unaupasua. Ni sawa na kumvika mtoto kanzu ya babu. Alichofanya Amaradeva ni kuchukua kutoka kwenye raga kiasi kinachotosha tu. Aliazima namna ya kuikaribia noti, namna ya kuchelewa kabla ya kuitua, na namna ya kuanza kwa sauti ya chini bila maneno kumwandaa msikilizaji. Mwili wa wimbo akauacha wa Kisinhala.

Ndiyo maana neno "klasiki" analolitumia huyo kaka si sahihi sana, ingawa simlaumu. Muziki wa klasiki anaokusudia ni wa India Kaskazini, na Amaradeva aliujua barabara. Nyimbo zinazopigwa kwenye zamu yenu ya usiku zinaitwa kwao *sarala gee*, nyimbo nyepesi. Usidanganyike na wepesi huo. Wimbo una beti mbili au tatu, dakika nne hivi, lakini maneno yake ni ya malenga.

Na malenga mkuu alikuwa Mahagama Sekara, mshairi na mchoraji, mdogo kwa Amaradeva kwa mwaka mmoja na ushei. Wawili hawa walifanya pamoja kipindi cha redio kilichoitwa Madhuvanthi, na humo zilizaliwa nyimbo ambazo Msinhala wa leo anazijua kama anavyojua jina lake. Ratnadeepa Janmabhumi, wimbo wa kuisifu nchi, maneno ni ya Sekara. Sekara alikuwa anaandika shairi likiwa tayari lina mwendo ndani yake, na Amaradeva hakulivisha mahadhi kwa nguvu. Alilisoma mpaka mahadhi yakajitokeza. Sekara alifariki Januari 1976, akiwa na miaka 46 tu. Amaradeva aliishi miaka 40 baada yake, na bado nyimbo alizoombwa zaidi jukwaani zilikuwa za rafiki yake huyo.

Nje ya redio alifanya mengi na nitayapita haraka. Alitunga muziki wa Karadiya, mchezo wa ngoma wa Chitrasena wa mwaka 1961 kuhusu maisha ya wavuvi. Alitunga muziki wa Ran Muthu Duwa ya 1962, filamu ya kwanza ya Kisinhala yenye rangi, na wa Gamperaliya, filamu ya mwongozaji Lester James Peries, 1963, iliyoshinda tuzo ya Tausi wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu huko Delhi mwaka 1965. Tuzo alizopata ni nyingi. Kubwa ya nje ilikuwa ya Ramon Magsaysay ya Ufilipino, 2001, na India ikampa Padma Shri mwaka uliofuata.

Moja ya kazi zake wengi hawaijui, nawe kama Mwislamu uliye Ghuba huenda ikakufurahisha. Wimbo wa taifa wa Maldives ni mahadhi yake. Maneno yaliandikwa mwaka 1948 na Mohamed Jameel Didi, na kwa miaka zaidi ya 20 yaliimbwa kwa mahadhi ya Auld Lang Syne, ule wimbo wa Kiskoti wa kuagana. Inasimuliwa kwamba Jameel Didi aliyasikia mahadhi hayo yakipigwa na saa ya ukutani ilipotimia saa sita mchana. Basi mwaka 1972 Malkia Elizabeth wa Uingereza akatangaza ziara ya Maldives, na wenyeji wakaona haya kumpokea Malkia kwa wimbo wa kwao mwenyewe. Wakamwendea Amaradeva. Mbuddha wa Moratuwa, mtoto wa mama Mkristo, akawatungia Waislamu wa visiwa jirani mahadhi ya wimbo wa taifa, na lugha yao, Kidivehi, na Kisinhala ni ndugu wa damu, kwa hiyo hakuwa anafanya kazi gizani. Unaimbwa mpaka leo.

Sasa nyumbani kwake, uliloniuliza mwisho. Mkewe, Wimala, naye ni mwimbaji, na waliimba pamoja. Hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Wanaume wengi wa kizazi chake waliokuwa na jina waliwaacha wake zao jikoni, huku majukwaa yakiwa yao. Wimala alikuwa kwenye maikrofoni, na wanaokumbuka matamasha ya mzee wanamkumbuka yeye pia. Walipata watoto watatu, Ranjana, Subhani na Priyanvada. Ranjana na Subhani wamejulikana kama waimbaji, na nyimbo za baba yao wamezibeba jukwaani.

Kubeba nyimbo za baba ni heshima na ni mzigo. Mtoto wa mwimbaji mkubwa akiimba kama baba anaambiwa anaiga, akiimba vingine anaambiwa kapotea. Ranjana na Subhani wamechagua zaidi kutunza kuliko kushindana, na mimi naona wamechagua vyema, kwa sababu nyimbo hizi zinataka mtu anayejua zilivyotoka nyumbani, wapi mzee alikuwa anavuta pumzi, wapi alikuwa anaiacha fidla imalizie.

Mzee mwenyewe alifariki Colombo tarehe 3 Novemba 2016, akiwa na miaka 88, zimebaki wiki chache atimize 89. Serikali ilimzika kwa heshima za kitaifa, ibada ikafanyika Uwanja wa Uhuru, na foleni za watu zilikuwa za kila namna, wa mjini na wa mashambani, wazee waliomjua redioni na vijana waliozijua nyimbo zake kwa simu.

Ukiniuliza nani alimrithi kimuziki nje ya damu yake, ningetaja kwanza Nanda Malini, ambaye sauti yake ilisikika sana kwa mara ya kwanza katika ile Ran Muthu Duwa, chini ya mkono wa Amaradeva, akiwa msichana wa miaka 19 hivi. Yeye aliuchukua wimbo huohuo mwepesi akaujaza malalamiko ya maskini na ya wanawake, jambo ambalo Amaradeva mwenyewe hakuligusa sana. Halafu Victor Ratnayake, ambaye mwaka 1973 alifanya tamasha la mwimbaji mmoja jukwaa zima, liitwalo Sa, wakati watu walikuwa wamezoea kuona waimbaji kumi kwa tiketi moja. Nyimbo za hawa wawili zimo kwenye simu ya kila Msri Lanka wa rika la kati. Mwombe kaka akupigie ya Nanda Malini baada ya ya Amaradeva, kwa mpangilio huo, usikie jinsi mwanafunzi alivyoongeza chumvi.